Tanga mbili

Wiki ya kwanza ya Machi, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Saa kumi jioni maji yalijaa mpaka juu, na jahazi likasogezwa hadi pale mchanga unapokutana na majani. Kesho yake saa nne asubuhi bahari imerudi mbali. Chombo kimelala ubavu, kimeegemezwa magogo, na fundi amekaa chini ya tumbo lake na nyundo ya mbao. Anashindilia nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta katika mwanya kati ya ubao na ubao. Kazi ya kalafati haina haraka. Juu ya mlingoti kipande cha kitambaa hakijui kielekee wapi: kinapepea kidogo kuelekea bara, kinalegea, kinageuka, kinaanguka.

Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekufa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, haijazaliwa.

Mabaharia wa pwani hukiita kipindi hiki tanga mbili, kwa kuwa tanga laweza kuelekezwa huku au kule. Wengine husema malelezi. Huja mara mbili kwa mwaka, Machi kuingia Aprili na tena Oktoba kuingia Novemba. Hakina upepo wa kukufikisha popote, na bado kimepewa jina.

Ni hilo jina ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa. Watu wengi siku hizi wanazungumza juu ya kuishi kwa kufuata misimu ili mtu akue, na karibu wote huzungumzia msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna. Aliyemaliza kazi moja na hajapata nyingine, aliyefiwa, aliyehitimu juzi, aliyetoka kulea mtoto mchanga na hajarudi alikokuwa, hawa hawapandi na hawavuni. Hujiona wamekwama. Lugha yetu ilikuwa na neno lao siku zote.

## Mwanga hautusaidii

Ushauri mwingi wa misimu unaosomwa mtandaoni umetoka kwenye nchi ambazo jua la Desemba huzama alasiri na la Juni hukataa kuzama. Huko mwanga ndio unaomwambia mtu apumzike au aamke. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja. Jua linatoka karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Anayejaribu kufuata majira manne ya watu wengine hapa atakuwa anaigiza.

Misimu yetu ni ya upepo na maji.

Jua la utosi hupita juu ya Unguja mara mbili, kwenye tarehe 5 Machi hivi likipanda kaskazini na tarehe 8 Oktoba hivi likirudi kusini. Ukanda wa mawingu hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tuna masika na vuli, na ndiyo maana mikoa ya kati na ya kusini mwa Tanzania, ambako ukanda huo hukaa mara moja kwa kipindi kirefu, ina mvua moja ya msimu kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwenye shamba Muheza na mwenye shamba Dodoma hawawezi kufuata kalenda moja ya maisha, hata kama simu zao zinaonyesha tarehe ileile. Nasisitiza hili kwa sababu kosa la kwanza la mtu anayetaka kuishi na misimu ni kuazima misimu ya mwingine.

## Januari si mwanzo wetu

Tazama pwani mwezi wa Januari. Kaskazi inavuma, kiangazi kimekolea, mchana nyuzi 32, usiku haushuki sana chini ya 25. Mwili, ili ulale vizuri, unahitaji kupoa kidogo kwa ndani. Chumba chenye bati na dirisha moja hakiupi nafasi hiyo. Ada za shule zimeondoka na pesa ya Desemba. Hapo ndipo mtu anapojiapisha kukimbia kila alfajiri, kusoma usiku, kuacha sukari, kuweka akiba, vyote pamoja.

Kufikia katikati ya Februari ameacha, na anajiita mvivu.

Hakuna uvivu hapo. Ametweka tanga kwenye joto baya kuliko yote ya mwaka, na usingizi mdogo kuliko wote. Mwili huchukua kati ya wiki moja na mbili kuzoea kazi nzito kwenye joto, na katika siku hizo mapigo ya moyo hupanda juu kwa kazi ileile ambayo Julai ingekuwa nyepesi. Mtu akianza Januari, wiki mbili za kwanza azifanye nusu: dakika 15 badala ya 30, kabla ya saa moja asubuhi, na maji kabla ya kiu. Asiyejua hili huongeza kasi siku ya nne, siku ya saba anaumwa kichwa, siku ya kumi haamki.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, kinafaa zaidi kwa kazi ya mwili na ya akili. Usiku wa Dar hushuka mpaka nyuzi 19 hivi. Hewa ni kavu zaidi, mazao ya masika yako sokoni, machungwa ni mengi. Kwa mtu wa pwani anayetaka kuanza zoezi gumu au kozi inayotaka usiku mrefu wa kusoma, ningemwambia aanze hapo, na Januari aitumie kwa kazi zinazofaa joto: kutembelea watu, kukausha, kuhesabu, kutengua mambo ya zamani. Kiangazi ni msimu wa kukausha vitu. Hilo si jambo dogo.

## Udongo mkavu unafanya kazi

Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga nchini Kenya, aliandika juu ya jambo ambalo mpaka leo linabeba jina lake. Udongo uliokauka kabisa unapolowa kwa mvua ya kwanza, vijidudu vyake huamka kwa ghafla, masalia huoza kwa kasi, na naitrojeni nyingi hufunguliwa kwa siku chache. Kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu, ndivyo mlipuko huo unavyokuwa mkubwa.

Miezi ile ambayo shamba lilionekana limekufa ndiyo iliyoandaa chakula cha mahindi.

Ningependa kuishia hapo na kusema pumzika, utalipwa. Lakini kuna nusu ya pili. Naitrojeni hiyo haisubiri. Mvua zikiendelea, huzama chini kuliko mizizi inavyofika, na mkulima aliyechelewa kupanda wiki tatu ameikosa, japo aliona mvua ileile na jirani yake. Mapumziko yanazaa nguvu ya siku chache, na nguvu hiyo inataka mbegu iliyo tayari. Nimeona mawaidha mengi ya kupumzika. Ya kuwa tayari siku mapumziko yanapokwisha ni machache mno.

Na ukikimbilia mvua ya kwanza, nayo hukudanganya.

Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema, na kila mkulima anajua mawingu ya Februari yanayonyesha siku mbili kisha yakaondoka. Mbegu iliyo chini sentimita tatu hunywa maji, huchipua, kisha jua la siku kumi huimaliza. Mbegu imekwenda na pesa imekwenda. Kuna njia mbili za kujilinda. Ya kwanza: ngoja hadi mvua ya siku mbili tatu ijumlishe milimita 25 hivi, kisha chimba kwa jembe kina cha shubiri moja. Chukua udongo wa chini na ufinyange. Ukishikamana kama donge bila kutoa maji, panda. Ukimomonyoka, bado. Njia ya pili ni kupanda kavu kabla ya mvua, lakini kwa kina cha sentimita tano hadi saba, ili manyunyu yasiifikie mbegu na mvua kubwa tu ndiyo iiamshe. Anayepanda kavu kwa kina cha kawaida amechukua hatari ya njia zote mbili bila faida ya hata moja. Nafasi ni ileile, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmojammoja.

Mtu anayeanza jambo jipya baada ya kipindi kigumu hukutana na uamuzi uleule. Siku mbili za furaha ni manyunyu. Usiache kazi, usihame mji, usitangaze biashara kwa siku mbili za furaha. Chimba shubiri moja: je, usingizi umerudi, hamu ya chakula imerudi, deni la mwezi uliopita limelipwa? Vikishikamana, panda. Au panda kavu, yaani anza mapema lakini kwa kina: kitu ambacho sifa ya mtu mmoja haitakiamsha na kimya cha wiki mbili hakitakiua.

## Aliyeondoka kabla ya upepo

Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa hapo. Upepo ulikuwa unageuka kuelekea India, wakati wenyewe ambao watu wa bahari hii walikuwa wakiutumia kwa karne nyingi. Alivuka kwa muda usiofika mwezi mmoja.

Kurudi hakungoja. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijasimama. Safari ileile ilimchukua karibu miezi mitatu, mara shwari, mara upepo wa mbisho unaovuma usoni. Wanaume wengi walikufa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Moja ya meli hizo, São Rafael, aliichoma moto kwenye pwani yetu.

Chombo kilikuwa kilekile na nahodha alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni wiki chache.

Sisemi kwamba kungoja ni rahisi. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalikaa kwenye bandari zetu wiki hadi miezi yakisubiri kusi. Watu wakauza, wakanunua, wakaoa, wakajifunza lugha. Tukitafuta asili ya miji yetu ya pwani, sehemu kubwa tutaikuta katika kungoja huko. Na hata kusi ilipofika hawakukurupuka katikati yake, kwa kuwa Juni na Julai upepo huo ni mkali na bahari ni chafu. Waliondoka kwenye kingo, Aprili au Mei, au walisubiri hadi Agosti upepo ulegee. Msimu wenye nguvu nyingi kuliko zote haukuwa wa safari.

## Kinachofanyika chombo kikiwa juu

Turudi kwa yule fundi, kwani yeye ndiye anayejua tanga mbili hutumiwaje.

Chombo hupandishwa siku ya bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kwenye pwani ya Unguja na Dar siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri, na kukauka karibu na saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita nne. Kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi, na kila siku hufika chini kidogo kuliko jana, mpaka maji mafu, ambapo tofauti haizidi sana mita moja. Kisha huanza kupanda tena. Kwa hiyo fundi anapewa siku 14 hivi kati ya bamvua na bamvua.

Kwanza chombo huchomwa chini kwa makuti makavu, moto wa kupitisha haraka, kuua wadudu wanaotoboa mbao na kuondoa magamba. Ukikawia mahali pamoja ubao unaungua, ukienda mbio mdudu anabaki hai ndani. Kisha hukaguliwa mkuku, boriti ya chini kabisa ya chombo, na kila msumari. Pamba kuukuu hutolewa, mpya hushindiliwa. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: kushindilia juu ya pamba iliyooza. Nje huonekana safi. Baharini, mbao zinapovimba na kusukumana, iliyooza hutoka na kuvuta mpya nayo. Mwisho hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, sehemu za juu, na shahamu, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, sehemu zitakazokaa majini.

Lipo kosa jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, na bamvua mbili zinazofuatana hazilingani. Nahodha mwenye hamu akipandisha chombo kwenye kilele cha bamvua kubwa, hadi mstari wa juu kabisa wa taka za bahari, bamvua inayofuata yaweza isikifikie. Kazi imekwisha, upepo umeanza, na chombo kipo juu mchangani kikingoja mwezi mzima, pengine zaidi. Mbao zinakauka, mianya inafunguka, pamba ya juzi inalegea. Wenye uzoefu hukiacha chini kidogo ya mstari ule, hata kama siku mbili za kazi zitafanywa kwa miguu iliyolowa.

Mtu aliyejitoa kabisa kwenye maisha ili ajirekebishe anaweza kukwama hivyohivyo. Anazima simu zote, anaacha kazi zote, anakata marafiki wote, anahamia kijijini. Amepanda mpaka kwenye mstari wa taka. Miezi mitatu baadaye yuko tayari kurudi na hakuna maji yanayomfikia: hakuna anayempigia, ujuzi umekauka, akiba imekwisha. Mimi naamini katika kupumzika kwa nguvu zangu zote, na kwa sababu hiyohiyo nasema: jiachie mahali ambapo bamvua ya kawaida itakufikia. Kazi moja ndogo ya kila wiki. Mtu mmoja wa kuzungumza naye. Fungu moja la pesa lisiloguswa.

## Hesabu ya kumikumi

Wazee wa pwani walikuwa na kalenda tatu kwa pamoja. Mwezi wa Kiislamu kwa ibada, bamvua kwa bahari, na Nairuzi kwa kilimo na safari. Mwezi huwahi jua kwa siku 11 hivi kila mwaka, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka 33. Kwa hiyo hawakuweza kulima kwa mwezi. Walihesabu siku tangu Nairuzi, Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Unguja, mpaka leo huadhimishwa Julai kwa Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiishe, na kibanda cha makuti huchomwa.

Siku ziligawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36, halafu siku tano zinazobaki nje ya hesabu.

Hesabu hii ni nzuri kuliko wiki na kuliko mwezi kwa mtu anayejichunguza. Wiki ni fupi, hali ya hewa ya siku tatu yaweza kuiharibu picha. Mwezi ni mrefu, unasahau ulianzaje. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa za kilimo za kila siku kumi. Wanasayansi na manahodha wamekutana kwenye namba ileile bila kuambizana.

Lakini Nairuzi ina siku 365 kamili, haina mwaka mrefu. Kila miaka minne hurudi nyuma siku moja dhidi ya jua, siku 25 kwa karne. Siku ya Mwaka ambayo leo iko Julai, karne moja na nusu iliyopita ilikuwa Agosti. Kalenda iliyotengenezwa kwa ajili ya misimu nayo iliiacha misimu, polepole, na watu walioitumia walilazimika kusahihisha kwa macho: upepo umesimama au haujasimama, ndege wale wamefika au hawajafika. Nilipolitambua hili nilivunjika moyo kidogo. Baadaye likanituliza. Hakuna tarehe itakayokuondolea kazi ya kutazama.

Kwa hiyo daftari. Ukurasa mmoja kwa mwongo mmoja, ukurasa 36 kwa mwaka. Kila siku mstari mmoja wenye vitu vitano: upepo umetoka wapi saa tatu asubuhi (tazama moshi au makuti ya mnazi, usitazame mawingu ya juu, huenda njia yao), mvua milimita ngapi, umelala kwa muda wa saa ngapi, nguvu zako kwa namba kutoka 1 hadi 5, na pesa iliyotoka. Siku ya kumi jumlisha, andika sentensi mbili, funga. Usiandike zaidi. Madaftari ya namna hii hufa mwongo wa tatu kwa sababu mwenyewe aliyageuza kuwa shajara na akachoka.

Kipima mvua ni chupa ya lita moja na nusu yenye pande zilizonyooka. Ikate pale pande zinapoanza kujikunja kuelekea shingo, geuza kipande cha juu kiwe faneli. Chini ya chupa pana mabonde, basi weka kokoto na mimina maji mpaka mabonde yafunikwe. Hapo chora mstari wa sifuri, na bandika rula kuanzia mstari huo. Iweke mahali pa wazi, mbali na ukuta au mti kwa umbali wa mara mbili ya urefu wake. Soma saa tatu kamili asubuhi, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Wakati wa kaskazi ukichelewa kusoma hadi mchana jua limekunywa sehemu ya mvua yako, na maji ya sifuri nayo hupungua, yaongeze kila asubuhi. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Wenye paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25 ni lita 1,000 zilizopita kichwani mwao. Namba hiyo peke yake imebadilisha mipango ya nyumba nyingi.

Mwaka mmoja hautoshi kukupa sheria. Utakupa mshangao mmoja au miwili. Pengine nguvu zako hushuka kila mwisho wa vuli, na ulikuwa unamlaumu bosi wa Desemba.

## Na misimu yenyewe ikipotea?

Hapa shaka yangu ni ya kweli.

Vuli ya 2019 ilikuwa ya mafuriko, bahari ya magharibi ya Hindi ilipopata joto kuliko ya mashariki. Kisha vuli tatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, zilipungua vibaya kaskazini na mashariki mwa eneo letu, Dar ikagawiwa maji kwa zamu. Vuli ya 2023 mafuriko tena. Kumwambia mtu aishi kwa kufuata vuli baada ya miaka hiyo mitano yaweza kuwa dhihaka.

Jibu nililonalo ni dogo. Utabiri wa TMA kwa vuli, masika na mvua za msimu hutolewa kabla, kwa eneo, na husema kama mvua zitakuwa juu ya wastani, chini ya wastani au za kawaida. Usomwe kama bahati nasibu iliyoegemea upande mmoja, kamwe usisomwe kama ahadi. Anayeambiwa "chini ya wastani" hapandi shamba lote mahindi. Theluthi huiweka mtama au muhogo. Katika maisha nako: usiweke mwaka wote kwenye mvua moja.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Nani anaweza kungoja?

Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Kisayansi hoja ni nzuri. Pweza pia, miamba ikifungwa miezi mitatu, hutoka na uzito mkubwa kwa sababu mnyama huyu hukua upesi mno katika uhai wake mfupi. Ila kwa mchuuzi wa dagaa anayekula leo alichouza leo, miezi mitatu ni ukuta. Ziwa lilipumzika, yeye hakupumzika.

Kwa muda nilidhani hili linaivunja hoja yote. Sasa naona linaionyesha mahali ilipo. Mapumziko ya msimu yanataka ghala. Manahodha waliongoja kusi walikuwa na mali ya kuuza na nyumba za kupokelewa. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hukaa nchi kavu mwezi unapong'aa, kwa kuwa samaki hawavutwi na taa kwenye mbalamwezi, na wanaozimudu siku hizo ni wale walioweka fungu la siku za giza, au wenye chama cha kuweka na kukopa. Ukitaka kupumzika mwezi mmoja mwakani, kazi inaanza sasa: gawa matumizi ya mwezi huo kwa miongo 36 na uweke fungu moja kila mwongo. Kwa matumizi ya shilingi 360,000, ni 10,000 kila siku kumi. Asiyeweza hata hilo asiambiwe kwamba haishi kwa upatano na asili. Aambiwe ukweli kwamba ghala lake limebomolewa, na wenye ghala wamsaidie kulijenga.

## Siku ya kumi na nne

Bamvua ya pili imefika. Saa tano asubuhi mchanga bado mkavu na shahamu inang'aa nyeupe. Magogo ya upande mmoja yametolewa, kamba ya nanga imepelekwa mbali kwenye maji. Hakuna wa kusukuma, kwa sababu bado. Wengine wamelala chini ya mkungu. Mmoja anashona pembe ya tanga.

Saa nane na nusu maji yanagusa mkuku. Yanapita chini, yanaingia kwenye mianya miwili mitatu, na mtu aliye ndani anasikiliza yanakotokea na kutia alama kwa mkaa. Kuvuja kidogo ni lazima. Mbao zikilowa zitavimba na kujifunga zenyewe, na aliyezishindilia kupita kiasi atazisikia zikipasuka.

Saa tisa na dakika arobaini ubao unatoa mlio mmoja mrefu. Chombo kinasimama wima.

Kitambaa juu ya mlingoti kimeanza kupepea kuelekea kaskazini.